Mturuki wa Chumba cha Uani

Mtu pekee aliyewahi kuniambia kwa maandishi kwamba mahamri yangu yamezidi iliki alikuwa mpangaji wetu wa chumba cha uani. Aliyala yote, akafuta vidole, akatoa kalamu, akaandika kwenye ile karatasi niliyomfungia: "Iliki imezidi. Jana ilikuwa sawa." Kisha akamkabidhi mamangu anirudishie. Nilikuwa mwanamke mzima, nimeolewa na nikaachwa, nina biashara yangu pale barazani, na sikuzoea kusahihishwa na mwanamume ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nilimtukana kimoyomoyo. Kesho yake nikapunguza iliki, na wateja wakasema leo umepatia.

Alikuwa Mturuki, mwandishi wa magazeti, na alikaa nasi Bofu, huku Likoni, karibu muda wote wa vita vile vikubwa. Mtaa mzima ulimwita Mturuki. Mamangu alimwita Bwana Mwandishi, nami nimebaki na hilo. Jina lake nalijua, ila sitalitaja hapa, na mwenye subira atajua kwa nini.

Kwao Stambuli aliwahi kuwa na gazeti lake mwenyewe. Hakupenda kulizungumzia isipokuwa akiwa na homa, na homa zilimwandama kwa sababu alikataa katakata kulala ndani ya chandarua. Alisema kinamkumbusha selo. Siku moja amelala na kitambaa cha maji kwenye paji la uso, akamwambia mamangu, "Sultani alinifunga kwa sababu niliandika kwamba mkate umepanda bei. Waliompindua Sultani wakanifunga kwa sababu niliandika kwamba mkate bado ni ghali. Waliokuja baada yao hawakunifunga. Walinifukuza."

"Na huo mkate, Bwana?" mamangu akauliza.

"Sijui, Bibi. Niliondoka zamani."

Mamangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilimwangalia yule mtu anavyotetemeka kwenye kitanda cha kamba cha watu wasio jamaa zake, na sikuona cha kuchekesha.

Baada ya Stambuli alipita Misri, akapita Hijazi, akapita Adeni. Kila mji alipata gazeti la kuandikia, na kila mji alifika siku akaandika jambo lisilotakiwa, akafunga mizigo. Kiswahili alikianza kule Adeni kwa mabaharia wetu, akaja kukisafisha kwenye baraza yetu, na alikisema kama mtu anayesoma hotuba ya Ijumaa, neno kwa neno, bila kukata kitu. Mjini kisiwani kulikuwa na mfanyabiashara mwenye mtambo mdogo wa kupigia chapa na gazeti la lugha kadhaa. Huyo ndiye aliyempa kurasa za Kiarabu na za Kiswahili. Kila asubuhi Bwana Mwandishi alivuka kwa feri, amevaa koti lake jeusi katika joto lile, na tarbushi kichwani, amesimama ukingoni peke yake huku wanajeshi wamejaa kila pahali na magari yao.

Hiyo tarbushi ndiyo iliyowafanya wazee wa Bofu wamheshimu kabla hajafungua kinywa. Wazee wetu walikuwa bado wakimkumbuka Khalifa, yaani yule Sultani wa Stambuli, katika dua zao, na huyu mtu alitoka mji wa Khalifa. Walitaraji awe sheikh. Mwalimu wa msikiti wetu, mtu mpole sana, alimkaribisha siku moja aje asalishe. Bwana Mwandishi akamjibu, "Mwalimu, mimi huyo Khalifa nilimwandika vibaya, na nikafungwa kwa ajili yake. Bado mwataka niwasalishe?" Mwalimu alisema astaghfirullah na hakurudia tena. Tangu hapo Mturuki alionekana msikitini siku ya Ijumaa na siku ya maiti tu.

Na hiyo tarbushi yenyewe, kwao ilikuwa imepigwa marufuku. Mtu akiivaa barabarani anakwenda jela. Nikamuuliza kama aliipenda sana zamani. "Sikuipenda hata kidogo," akasema. "Nimeipenda walipoikataza." Ukitaka kumjua alikuwa mtu wa namna gani, hilo linatosha kwa kuanzia.

Alikuwa ameandika vitabu pia, vya herufi za zamani, zilezile tulizozitumia sisi pwani kabla ya skuli za Kizungu. Kisha serikali ya kwao ikabadilisha herufi kwa siku moja, watoto wakafundishwa nyingine. Baharia mmoja alimletea gazeti la kwao lililopigwa chapa kwa herufi hizo mpya. Alilisoma lote, mpaka matangazo ya sabuni. Alipomaliza akasema, "Mimi naweza kuwasoma wao. Wao hawawezi kunisoma mimi."

"Nasi ni vivyo hivyo," mamangu akamwambia. "Wajukuu zangu wenda skuli, warudi wajua kila kitu. Waonyeshe herufi za babu yao, wakwambia ni mapambo."

Wakanywa kahawa wote wawili. Alikuwa akiiita kahawa yetu dawa ya kikohozi kwa sababu ya tangawizi, na aliinywa vikombe kwa vikombe.

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya kizingiti cha dirisha. Alisema katika jela moja hapakuwa na kiti, akazoea. Akimaliza habari ya Kiswahili alimwita mamangu, ambaye hakujua kusoma gazeti, akamsomea kwa sauti. Sentensi ambayo mamangu aliuliza, "Wasemaje hapo?" aliikata pale pale. Hakubishana wala hakueleza. Nimewaona wanaume wengi wakimdharau mwanamke mzee kwa kuuliza, na huyu alikuwa anamngoja aulize.

Lakini alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe ni kusahihisha. Kosa likishatoka gazetini hakulala mpaka alisahihishe hadharani. Kuna harusi moja ya Mtongwe ambayo gazeti lilisema amechinjwa ng'ombe. Akaja kusikia kwamba alikuwa mbuzi. Basi wiki iliyofuata, chini ya ukurasa, kukaandikwa kwamba ng'ombe aliyetajwa katika harusi ya Mtongwe alikuwa mbuzi, na gazeti linaomba radhi. Wenye harusi walikuja juu, wakavuka mpaka kisiwani kutaka kumpiga. Mke wa mwenye harusi alikaa miezi hakwenda kwenye shughuli kwa aibu. Mamangu akamwambia kweli umewavunjia watu heshima kwa mbuzi. Akajibu, "Bibi, leo nikiacha mbuzi apite kuwa ng'ombe, kesho nitaacha nini kipite?" Nilimwona mkaidi, tena mkaidi asiye na huruma, na nilimwambia hivyo usoni. Alikubali kwamba hana huruma.

Kazi yake iliyojulikana zaidi upande wetu wa Likoni ilikuwa tanzia. Mtu akifa, sisi huku twazika siku ile ile, na wengi wa jamaa wanakuja kusikia baadaye. Gazeti ndilo lililowafikishia walioko Lamu, Tanga na Unguja. Bwana Mwandishi alikwenda kwenye kila maziko aliyoweza, akasimama nyuma na koti lake, kisha akawafuata wenye msiba kwa adabu akawauliza jina kamili, kazi, na watoto. Alikuwa akisema, "Maiti ana haki nne, Mwalimu wenu amewafundisha: kuoshwa, kuvishwa sanda, kusaliwa na kuzikwa. Mimi naongeza ya tano. Atajwe bila makosa."

Na alikuwa na sharti moja ambalo kila mtu wa Bofu alilijua. Habari ya kifo haiingii gazetini mpaka wapatikane watu wawili walioiona maiti kwa macho yao. Waliosikia hakuwataka. Kuna tajiri mmoja wa kisiwani ilivuma kwamba amefia Unguja. Magazeti mengine yakaandika, watu wakaja na majonzi, hitima ikasomwa na pilau likaliwa. Bwana Mwandishi peke yake alikataa kuandika, na mwenye gazeti akamfokea mbele ya watu. Baada ya siku chache yule marehemu alishuka melini na mwavuli wake, akauliza nani kamuuzia punda wake. Tangu siku ile, tanzia ya Mturuki ikisomwa barazani, hapakuwa na mtu wa kuuliza kama ni kweli.

Kuhusu mambo yake ya nyumbani alifunga mdomo. Mamangu, ambaye hakuweza kumwona mwanamume mpweke bila kumtafutia mke, alimuuliza kama hana mtu huko kwao. "Nilikuwa naye," akasema. "Lakini mimi ni marehemu, Bibi. Marehemu haoi." Tulicheka sana. Tukawa tunamtania kwa hilo, "Marehemu, chai yako tayari," naye akiitika, "Naam," kwa sauti ya kutoka kaburini. Mungu atusamehe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na nikifika hapa mpaka leo moyo wangu hauko sawa.

Mume wa dada yangu alikuwa kibarua bandarini. Si wa mwezi, wa kutwa: alfajiri wanasimama langoni, nyapara anawachagua kwa kidole, jioni wanatawanyika. Jina la kibarua wa kutwa halikuandikwa popote. Siku moja adhuhuri tulisikia mshindo ng'ambo ya maji, tukatoka nje, tukaona moshi mweusi mzito upande wa Kilindini. Tishali, ile mashua pana ya kupakulia meli, lililobeba mapipa ya petroli lilikuwa linawaka, pamoja na waliokuwa wakipakua. Wanajeshi walizunguka pale mara moja. Waliopatikana walizikwa na serikali siku ile ile, hatukujua wapi, na watu wakaonywa kwamba atakayesema habari za bandari wakati wa vita atafungwa. Gazeti halikuandika hata mstari.

Shemeji hakurudi. Mamangu na mimi tulikwenda kwenye ofisi ya ile kampuni iliyomwajiri, tukaambiwa hakuna mtu kama huyo. Tukarudi tena, karani akatuambia labda hakuja kazini siku hiyo, labda amekimbilia Tanga, vijana siku hizi wanakimbia wake zao. Aliyasema hayo anachonga penseli, na mpaka leo nikiona mtu anachonga penseli damu yanichemka.

Dada yangu akarudi nyumbani kwetu. Hakuwa mke, na hakuwa mjane. Mwenzangu unayesoma ukiwa na mumeo, au umekwisha kumzika, huwezi kujua hiyo ni adhabu gani. Shughulini hakwenda, kwa sababu hakujua avae nguo gani. Wanja aliuacha, halafu akaupaka tena, akaogopa ataonekana amekata tamaa. Kila jioni aliweka kando sahani ya mumewe, na asubuhi aliwamwagia kuku. Hodi ikipigwa, yeye ndiye aliyeinuka kwanza, hata kama ana unga mikononi, akafungua mlango na uso ambao sikuweza kuutazama. Wambea wakaeneza kwamba mume kaonekana Tanga na mwanamke. Alikonda mpaka bangili zikawa zinamvuka zenyewe.

Tulimwendea Mwalimu wa msikiti. Alisikitika sana, lakini akasema, "Siwezi kumwingiza edani mke wa mtu ambaye huenda yu hai. Na siku nyingine akitaka kuolewa, siwezi kumwozesha. Nileteeni walioiona maiti, au habari ienee iwe imejulikana na watu wa kuaminika." Mfungo ukaja, ukapita. Sikukuu ikapita. Dada akaacha kuzungumza.

Mamangu akamfuata Bwana Mwandishi mlangoni kwake. "Mwanangu yuwafa, Bwana, na mimi namwangalia. Wewe wawajua watu wa huko. Nitafutie neno moja tu, yuko au hayuko."

Akakubali. Kwa wiki nyingi akawa, akitoka gazetini, harudi nyumbani moja kwa moja. Alikwenda Mtongwe kwa wenye mashua, akaenda Changamwe kwenye makambi ya vibarua, akaenda kuzungumza na wapishi wa hospitali. Alirudi na vumbi mpaka magotini. Kisha Alhamisi moja mchana akaingia uani, akamwita mamangu na mimi. Dada alikuwa nyuma ya pazia.

"Nimepata mashahidi wawili," alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa.

Dada akasema, na ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu mfungo, "Walimwona kwa mato yao?"

"Kwa macho yao."

"Aliteswa?"

"Hapana. Ilikuwa mara moja."

Bwana Mwandishi akaingia chumbani kwake na siku ile hakula. Nilidhani ni huzuni.

Tanzia ilitoka ikiwa fupi kuliko zote alizopata kuandika. Ilitaja jina la shemeji, ikasema ni mkazi wa Bofu, kwamba amefariki kwa moto juu ya maji, na mkewe ameingia eda. Hakutaja bandari, tishali wala petroli. Mwalimu aliisoma baada ya sala ya Ijumaa, na kwa kuwa ni tanzia ya Mturuki, hakuna aliyeuliza kitu. Wanawake wakaja. Dada yangu alivua bangili, akavaa nguo nyeupe, akalia kilio ambacho alikuwa amekizuia muda wote huo, kisha akalala. Mamangu akasimama mlangoni mwa chumba, akaniambia kwa kunong'ona, "Leo mwanangu kalala." Alirudia hivyo mara nyingi.

Mjane akiwa edani haonekani na mwanamume asiye maharimu yake, na uani kwetu kulikuwa na mwanamume. Bwana Mwandishi hakungoja kuambiwa. Alitoboa njia kwenye ua wa makuti nyuma ya chumba chake, akawa anapita huko, na kila akipita anakohoa kwanza. Dada hakumwona tena. Shukrani zake alizituma kupitia kwangu, pamoja na chai.

Kisha wakaanza kuja wengine. Mama mmoja wa Mtongwe, amefuata mguu kwa mguu akiuliza nyumba ya Mturuki. Mke wa mtu kutoka Kisauni, na mtoto mgongoni. Baba mtu mzima, Mgiriama, aliyekuja na nazi tatu kama zawadi na hakujua aanzeje. Wote walikuwa na swali lile lile la dada yangu. Aliwasikiliza mmoja mmoja kwenye ile njia ya nyuma, akatafuta, na aliyepata mashahidi wake akamwandikia. Wiki hii mmoja, wiki ijayo wawili: amefariki kwa moto juu ya maji. Nilimwonya. Nilimwambia, "Bwana, maneno haya haya kila wiki, hata kipofu atayaona." Akasema yeye hajui njia nyingine ya kusema kwamba mtu ameungua baharini.

Mzungu wa kukagua magazeti hakuwa na shida na tanzia za Waswahili. Mpaka akatokea mtu, na Mungu anamjua, akazikusanya akamfasiria zote pamoja.

Walikuja asubuhi, inspekta na askari wawili. Askari mmoja alikuwa mtu wa pwani. Mamangu alisimama kizingitini na mikono yote miwili imeshika miimo ya mlango.

"Hamwingii. Kuna mtu edani."

"Mama, twamtaka Mturuki tu," askari akasema.

"Na mimi nakwambia kuna mtu edani. Mamako hakukufunza?"

Yule askari aligeuka, akamwambia inspekta kwamba nyumba hii ina mjane, mwanamume haingii. Inspekta akawa mwekundu, lakini akangoja. Naamini Bwana Mwandishi angeweza kuondoka kwa ile njia yake ya nyuma na kufika mbali. Alizunguka kwa nje, akaja mbele amevaa koti na tarbushi, akawaamkia. Alimwambia mamangu, "Bibi, njia ya nyuma izibeni, kuku watatoka." Kisha akaniangalia. "Binti, iliki ya leo ilikuwa sawa."

Walimpeleka bara, kwenye kambi ya wafungwa wa vita. Hakuwa adui wa mtu, ila kwao walikuwa wamekwisha kumvua uraia, na mtu asiye na nchi hana balozi wa kumuulizia. Tajiri wa gazeti alisema hamjui vizuri. Kurasa za Kiswahili zikafungwa.

Dada yangu alimaliza eda yake, miezi minne na siku kumi, akatoka. Baada ya muda akaolewa na fundi cherehani wa pale pale Bofu, mtu mtaratibu asiyepandisha sauti. Akapata mtoto, akapata wa pili. Akanenepa. Akaanza tena kuimba jikoni, kwa sauti mbaya kama zamani.

Vita vilikuwa vimekwisha kitambo niliposikia kwamba Mturuki yuko Changamwe, kapewa chumba nyuma ya msikiti, mgonjwa. Dada alinifungia chapati na kitoweo, akaniambia, "Mwambie sijamsahau katika dua hata siku moja." Nikavuka, nikapanda basi.

Nilimkuta kitandani, hana chandarua vilevile. Meno yalikuwa yamekwisha. Tarbushi ilitundikwa msumarini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama sana, na wala hakuniuliza habari za mamangu.

"Hajarudi?" akasema.

"Nani?"

"Shemejiyo."

Nilidhani akili imemtoka. Nikamwambia taratibu, "Bwana, shemeji alikufa. Wewe mwenyewe ndiwe uliyemwandika."

"Nilikuwa na shahidi mmoja," akasema. "Mwenye mashua wa Mtongwe. Alimwona akipanda tishali asubuhi. Maiti hakuiona. Na baada ya mshindo alimwona mtu akiogelea kuelekea kwenye mikoko. Hakumjua ni nani. Mtu huyo hakuonekana tena."

Nikaketi chini. Nilikuwa na chapati mapajani na sikujua niziweke wapi.

"Na wale wengine?" nikauliza.

"Wale wengine wote nilikuwa na wawili wawili. Ni huyu mmoja tu."

Nilikasirika. Nilimwambia, "Wewe uliyewavunjia watu heshima kwa mbuzi!" Alikubali kwa kichwa. Ndipo akanieleza, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alipokuwa Misri, gazeti moja la kwao liliandika kwamba amekufa. Kosa la mtu tu. Mkewe alikuwa amebaki Stambuli, anangoja, na polisi wakija kila mara kumuuliza mume yuko wapi. Ile tanzia ilipotoka, polisi wakaacha. Mwaka uliofuata akaolewa. "Nilikaa na kalamu mkononi niandike sahihisho," akasema. "Nilikuwa nimeandika miaka yote ile mambo ya kweli, na hayakumfaa mtu hata mmoja. Kosa moja lilimpa mke wangu usingizi. Nikaweka kalamu chini. Basi mamako aliponijia, na nilipomsikia dada yako akikimbilia kila hodi..."

Hakumaliza. Kikohozi kilimshika mpaka nikamshikilia mabega.

Alipotulia akaniuliza, na macho yake yalikuwa yale yale ya siku ya karatasi ya mahamri, "Yule ni wa kwenu. Mkitaka nisahihishe, nitasahihisha. Nitakwenda kwa Mwalimu nimwambie. Sema wewe."

Nilimfikiria dada jikoni. Nilimfikiria fundi cherehani, na wale watoto wawili wataitwa nani mtaani. Nilimfikiria na shemeji, ambaye nilimpenda, mtu wa mzaha, aliyekuwa akiniibia mahamri. Kama ni yeye aliyeogelea, alikwenda wapi?

"Usisahihishe," nikasema.

Akafumba macho. Nikamlisha kipande cha chapati nilichokilainisha kwa mchuzi. Kabla sijaondoka alinikanya kwamba siku yake ikifika asiandikwe, wala jina lake lisitajwe hovyo, maana lina mtu huko Stambuli anayeamini limekwisha kuzikwa. Haukupita mwezi akazikwa Changamwe. Hakuna gazeti lililoandika, na mimi sikuandika mpaka leo, na leo pia jina nimelibakisha kwangu.

Siku ile nilirudi Bofu na vyombo vitupu. Dada alikuwa barazani anamnyonyesha mdogo.

"Alisemaje?"

"Alikuuliza hali," nikamwambia. "Akasema chapati ni nzuri."

Akafurahi. Tangu siku hiyo, nikiwa kwa dada yangu na hodi ikapigwa, mimi ndiye ninayeinuka kwanza.